Mbayuwayu Mweupe na Mgomba wa Mboghoni

Kwetu Voi ndege huitangulia mvua. Kabla wingu la kwanza la vuli halijatua juu ya mlima Sagalla, nyaya za umeme zinazofuata barabara ya Taveta huwa zimekwisha kujaa mbayuwayu, nao keremkerem huwa wameanza kupita juu sana, wakiitana kwa sauti inayofanana na maji yanapoanza kuchemka chini ya kifuniko. Wametoka nchi za baridi, wakavuka majangwa na bahari. Chuoni nilifundishwa majina ya nchi hizo na njia ambazo ndege huzifuata. Lakini kusimama tuli na kutazama juu nilijifunza kwa dada yangu, ambaye alizaliwa mbele yangu na akanitangulia katika kila jambo.

Nyumba yetu iko ukingoni mwa mji, mahali ambapo ploti za watu hukoma na mashamba ya mkonge huanza. Baba aliletwa hapa na reli. Alitoka magharibi mwa Kenya akiwa kijana, akafanya kazi katika genge la kutengeneza njia ya garimoshi, na alipostaafu hakurudi kwao. Alinunua ploti, akajenga vyumba vya mawe, akapanda mihogo ambayo hukauka karibu kila mwaka. Mama naye ni mtoto wa wafanyakazi wa mkonge waliotoka huko huko magharibi, lakini yeye alizaliwa kambini, na nchi ya wazazi wake aliijua kwa masimulizi tu.

Kitu kimoja cha kwao baba hakukiacha. Mvua ya kwanza ilipolowesha ardhi na kumbikumbi wakaanza kutoka, alitandaza blanketi kuukuu juu ya kichuguu, akaacha tundu upande mmoja na kuweka sufuria hapo, nasi tukachutama kuokota waliomponyoka. Majirani zetu Wataita walitucheka bila huruma.

“Nyinyi watu wa bara!” jirani mmoja aliita kutoka ng'ambo ya ua. “Hata mwewe mnampokonya chakula!”

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa maana juu ya vichwa vyetu kozi wadogo wenye miguu myekundu walikuwa wamelijaza anga, wakiwadaka kumbikumbi kwa makucha na kuwala papo hapo hewani. Kozi hao hawaonekani kwetu mwaka mzima. Huja na mawingu ya vuli na kuondoka nayo. Dada yangu alisimama katikati ya blanketi, kinywa wazi, akiwatazama.

“Unakanyaga kitoweo,” baba alimkaripia.

“Baba, hawa wametoka wapi?”

“Kwao.”

“Kwao ni wapi?”

Baba, ambaye watu wa Voi walikuwa wamemuuliza swali hilo hilo tangu siku aliposhuka garimoshini, alicheka. “Waulize wenyewe. Mimi nikiulizwa husema naishi hapa.”

Tangu siku hiyo dada hakuacha kutazama, nami nikawa kivuli chake. Kila vuli tulitoka alfajiri kwenda kwenye silanga, bwawa lililochimbwa ndani ya shamba la mkonge kwa ajili ya maji ya kiangazi, tukakaa juu ya tuta lake. Asubuhi zenye ukungu ndizo zilizotupa mambo ya ajabu. Ndege waliokuwa wakisafiri walipoteza njia, wakashuka popote walipoona maji. Hapo tulimwona hudihudi akitembea kama mzee aliyepoteza funguo. Hapo tulimwona korongo mweupe mmoja, peke yake, mwenye pete ya chuma mguuni, ambaye alisimama majini tangu jua lichomoze hadi lilipokuwa kali, kisha akapaa bila kuangalia nyuma. Dada alisikitika sana juu ya pete ile. Alifikiri ni ndege wa mtu, naye ametoroka.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, nikisomea uhifadhi wa wanyamapori, dada alikwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Wakala wa Mombasa alimtafutia nafasi hiyo. Alisema anakwenda ili nimalize masomo, kisha atarudi kufungua duka la vitambaa. Mama alimsindikiza hadi stesheni mpya akiwa amebeba kikapu cha chapati ambazo dada alikatazwa kuingia nazo, basi tukazila sisi tuliobaki, tukiwa tumesimama.

Aliwekwa katika nyumba ya ghorofa, na mahali pekee alipoweza kusimama peke yake palikuwa juu ya paa, anapoanika nguo. Ilipofika vuli ya kwanza akiwa huko, nilipokea sauti yake kwenye simu.

“Daktari wa ndege,” alisema, kwani ndivyo alivyoniita tangu nilipojiunga na chuo, “kazi yako iko njiani. Leo keremkerem wamepita hapa wakielekea kusini. Wengi mno. Waandalieni chai.”

Majuma machache baadaye keremkerem walipita juu ya Voi, nami nikamjibu kwamba wageni wamefika, wamechoka, na wanamsalimu. Nilijua kwamba hakuna njia ya kuthibitisha kwamba walikuwa wale wale aliowaona. Nilimwambia hivyo pia, kwa maana nilikuwa nimeanza kujivunia uangalifu wangu.

“Usiniletee mambo ya chuo,” alijibu akicheka. “Wewe pokea salamu.”

Ikawa desturi yetu. Yeye alitazama upande ule wa bahari, nami huku, na baina yetu ndege walikuwa kama watu wa nyumba moja wanaopita mlango kwa mlango. Mama hakuwajua ndege, lakini alipenda kusikiliza sauti ile. Aliniambia nimwekee simu kwenye meza ya jikoni akisonga ugali, akawa anaijibu kana kwamba dada yumo humo ndani.

Vuli ya pili sauti yake ilikuja ya chini, ya kunong'ona.

“Sikiliza. Kuna mbayuwayu mweupe. Si tumbo tu, mwili wote, hadi mkia, kama aliyetumbukia kwenye unga wa ngano. Yuko kwenye waya na wenzake, na hakuna anayemshangaa. Ni mimi tu. Anakuja huko. Mwambie mama akae macho. Mkimwona, jueni ni mimi nimewasalimia.”

Nyuma yake sauti ya mwanamke iliita, mlango wa chuma ukagongwa, naye akasema, “Naja, naja,” kwa Kiarabu chake cha kuungaunga. Hapo ujumbe uliishia.

Haukufuatwa na mwingine. Tulipiga simu, ikaita, na baada ya siku kadhaa haikuita tena. Mimi nilikwenda kwenye silanga kila asubuhi ya likizo yangu, nikamtafuta mbayuwayu mweupe miongoni mwa maelfu ya weusi. Nilikuwa nimesoma kwamba ndege wa namna hiyo hukosa rangi tangu akiwa ndani ya yai, kwamba manyoya yasiyo na rangi huchakaa upesi, na kwamba kozi humwona yeye kwanza katika kundi. Nilikuwa nimesoma kwamba ni wachache sana wanaomaliza safari. Nilimtafuta hata hivyo. Sikumwona.

Mwaka uliofuata, wakati wa masika, mwanamke mmoja wa Mwatate alikuja kwetu. Alikuwa amefanya kazi katika mji ule ule na alikuwa amerudi. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akaomba maji, kisha akasema aliyokuja kuyasema. Dada aliugua. Alipelekwa hospitalini. Baada ya muda nguo zake ziliwekwa nje ya mlango na msichana mwingine akaletwa.

“Wewe ulimwona?” mama aliuliza.

“Sikumwona, mama. Niliziona nguo.”

“Nguo si mtu.”

“Ndiyo, mama. Lakini walioko kule wanasema amefariki. Nisingependa mngoje bila kujua.”

Baba alikwenda katika kila ofisi aliyoelekezwa, akarudi kutoka kila moja na jina la ofisi nyingine. Alikwenda Mombasa kwa wakala, akakuta mahali pale panauzwa mapazia. Hapakuwa na cheti wala kaburi wala mtu aliyekubali kwamba aliwahi kumwajiri. Nimesomeshwa kwa jasho la mtu ambaye nchi mbili hazikubali kwamba alikuwepo. Nimejaribu kuliandika neno hili kwa upole na sijaweza.

Kisha shangazi, dada mkubwa wa baba, akaanza kupiga simu kutoka magharibi. Kwa watu wa baba, mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, hukatwa shina la mgomba, likavikwa nguo zake na kuzikwa badala yake. Baada ya hapo watu hunyoa nywele, kilio kikaisha, na aliyekufa akapata mahali pa kulala. Shangazi alisema kwamba mtoto hawezi kuachwa akizunguka hewani. Baba alikuwa amekonda. Usiku alikuwa akitoka kukaa uani, na asubuhi tulikuta kiti chake kimelowa umande. Alikubali.

Mama alikataa. Hakupiga kelele. Alikuwa akichagua maharage, akaendelea kuchagua.

“Alisema tukimwona ndege yule, ni yeye ametusalimia,” alisema. “Maiti hasalimu. Ngojeni mbayuwayu waje. Akionekana mweupe, hakuna kuzika mtu hapa. Asipoonekana, mtafanya mnavyotaka, nami sitasema neno.”

Baba alinitazama, kana kwamba mimi niliyesoma nilipaswa kumrudisha mama katika akili. Nilijaribu. Nilimwambia kwamba hata ndege huyo akionekana, hatakuwa na habari yoyote ya dada. Kwamba ndege anaweza kuishi na dada awe amekufa, au ndege afe na dada awe hai.

“Mwanangu,” mama alisema, “nimekuomba macho yako. Sijakuomba masomo yako.”

Basi vuli ya tatu ilipofika, mama alimwachia jirani zile mboga alizokuwa akizinunua Bura, amwuzie sokoni, akawa anafuatana nami alfajiri kwenda kwenye silanga. Alijifunika kanga mbili kwa baridi. Alikaa juu ya tuta mahali pale pale alipozoea kukaa dada, ingawa hakuna aliyemwonyesha. Hakujua lolote juu ya ndege, na kwa siku za kwanza kila cheupe kilimshtua.

“Huyo je?”

“Huyo ni yangeyange, mama. Anafuata ng'ombe.”

“Na yule?”

“Yule ni mfuko wa nailoni.”

Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu yule mwanamke wa Mwatate alipoomba maji, na kicheko chenyewe kilimwogopesha, akaziba mdomo kwa kanga.

Mbayuwayu walikuja kunywa makundi kwa makundi. Walishuka hadi usawa wa maji, wakagusa kwa mdomo bila kusimama, wakainuka. Niliwatazama mmoja mmoja kwa darubini hadi macho yakanichonyota. Mama aliniuliza mara moja tu kila asubuhi, tulipokuwa tukiinuka kwenda nyumbani: “Umemwona?” Nami nilijibu: “Sijamwona.” Alitikisa kichwa, akakung'uta vumbi kwenye kanga. Aliniamini kabisa. Sijawahi kuaminiwa hivyo na mtu yeyote, na ulikuwa mzigo mzito kuliko nilivyojua kuubeba.

Shangazi alifika katikati ya msimu. Alishuka na mfuko wa njugu, kuku mmoja aliye hai na sauti iliyojaza nyumba. Alinishika mashavu. “Huyu ndiye anayehesabu ndege? Kwetu ndege tunawahesabu wakiwa ndani ya sufuria.” Lakini kisha alishika mikono ya mama, na wakakaa hivyo kwa muda mrefu. Walipoachana, shangazi alisema kwa upole kwamba hawezi kukaa kwetu hadi ndege wote wa dunia wapite. Wakakubaliana siku ya kuzika.

Voi hakuna migomba ya maana. Ardhi yetu haiwezi kuilea. Baba nami tulikwenda Mboghoni, upande wa Taveta, ambako maji ya mifereji hupita katika mashamba na migomba imesimama kama msitu. Tulimkuta mama mmoja Mtaveta akisafisha mfereji wake. Baba alimwamkia, akamwambia anataka mgomba.

“Wa ndizi gani? Za kupika au za kuiva?”

“Wowote.”

“Wowote!” Aliegemea jembe. “Baba, mtu anayetaka mke husema ‘yeyote’? Unaupanda wapi?”

“Voi.”

“Voi! Voi hata mawe yanalia kiu. Haya, nitakupa mkaidi.”

Baba angeweza kumwambia ni wa nini. Alifungua kinywa, nikaona neno limefika, kisha akalimeza. Kumwambia mtu asiyemjua kwamba anatafuta mwili wa mwanawe shambani mwake, hilo hakuliweza. Mimi nami nilikuwa kimya, kwa sababu nilifikiri mgomba ni mgomba. Yule mama alichagua mmoja mchanga, urefu wa mtu, akauchimba kwa ustadi hadi ukatoka pamoja na tunguu lake na mizizi yake, akaufunga chini kwa gunia lenye udongo wa majimaji.

“Usiukate hapa chini,” alimwonya baba, akipapasa gunia. “Bila hiki ni kuni mbichi tu.”

Baba alishukuru. Njia nzima ya kurudi aliushika kwa mikono miwili ili usiyumbe.

Asubuhi ya siku waliyokubaliana, mama nami tulikwenda kwenye silanga mara ya mwisho. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka vilima vya Taita na kulala juu ya mkonge. Tulisikia mbayuwayu kabla ya kuwaona. Kisha jua likapenya, maji yakawaka, nao wakawa kila mahali, wengi kuliko siku zote. Nilianza kutazama.

Kozi alikuja kutoka upande wa jua. Kundi zima lilijikunja, likapanda kama moshi, likapasuka vipande viwili. Katika kipande cha nyuma, ukingoni kabisa, niliona mmoja aliye mweupe. Alikuwa na mkia wa mbayuwayu na mruko wa mbayuwayu. Alikuwa mweupe kwa kitambo cha kupepesa jicho, jua likimpiga tumboni, kisha kundi likageuka, wote wakawa weusi, na sikumwona tena. Nilitafuta kila upande. Anga lilikuwa tupu.

“Umeona,” mama alisema. Safari hii halikuwa swali. Alikuwa akiutazama uso wangu, si anga.

Neno moja lingetosha. Ningesema ndiyo, na mgomba ungerudi Mboghoni, na shangazi angepanda basi, na mama angeendelea kumjibu dada kwenye meza ya jikoni. Ningesema hapana, na baba angelala. Maneno yote mawili yalikuwa ya huruma. Lakini yeye alikuwa ameniomba macho yangu.

“Nimeona kitu cheupe,” nilisema. “Kilikuwa mbayuwayu. Lakini jua lilikuwa limempiga tumboni, na matumbo yao yote huonekana meupe jua likiwapiga hivyo. Siwezi kusema ndiye, mama. Na siwezi kusema siye.”

Mbayuwayu walianza kurudi majini, wawili, watatu, kisha wote.

“Ungeniambia ndiye, ningeamini,” alisema hatimaye.

“Najua.”

“Ndiyo maana hukusema.”

Alijifunga kanga, akanyoosha mkono nimwinue. “Twende. Shangazi yako hapendi kungojeshwa.”

Baba alikuwa amechimba shimo upande wa nyuma ya nyumba, karibu na ukingo wa mkonge. Majirani wachache walisimama wakiwa wamevua kofia. Mgomba ulikuwa umelazwa juu ya mkeka, umevikwa sweta ya shule ya dada, mikono mitupu ya sweta ikiwa imekunjwa kifuani, na leso yake ya kijani imefungwa juu. Sikutegemea kwamba ningeshindwa kuutazama, lakini nilishindwa.

Shangazi alifungua gunia lililokuwa chini, akarudi nyuma hatua moja.

“Huu ni wa kupanda!” alisema. “Ndugu yangu, mizizi hii ni ya nini? Hata hili umelisahau?”

“Yule mama aliuchimba hivyo,” baba alisema. Hakuinua macho. “Sikuweza kumwambia ni wa nini.”

“Reli imekula akili yako yote. Shina hukatwa! Lazima liwe limekufa. Leteni panga.”

Panga lilikuwa pale pale, likiegemea ukuta. Lakini mama alikuwa amekwisha kupiga magoti, na alikuwa ameweka viganja vyake vyote viwili juu ya mizizi.

“Usikate,” alisema.

“Mke wa ndugu yangu, ukizika hivi utaota. Utakuwa unamwita atoke ardhini. Hatapumzika, nawe hutapumzika.”

“Mlisema nikubali kuzika, nimekubali. Nitazika kwa kadiri ya ninachojua. Huyu mtoto ameona nusu, akaniambia nusu. Nami nitazika nusu.”

Shangazi alimtazama baba. Alikuwa amesafiri kutoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine ili jambo hili lifanywe sawasawa. Baba alichukua koleo.

“Na iwe hivyo,” alisema. “Tumshusheni.”

Tulimshusha. Shangazi ndiye aliyeanza kulia, kwa ile sauti ndefu ya kwao ambayo sisi tuliozaliwa Voi hatujui kuitoa, na sote tukaingia ndani ya sauti hiyo tukajificha humo. Alasiri tulinyoa nywele. Mvua ilianza kabla hatujamaliza, na nywele zetu zikachukuliwa na maji kuelekea kwenye mkonge. Kumbikumbi walitoka jioni ile. Baba hakutandaza blanketi.

Shangazi alirudi kwao. Vuli ilikuwa nzuri mwaka ule. Siku moja kabla ya Krismasi niliona ncha ya kijani imetoboa udongo wa kaburi, imejiviringa kama karatasi. Sikumwambia mtu. Kesho yake nilikuta baba amezungushia matawi ya miiba ili mbuzi wasiifikie, naye hakuniambia. Jani likafunguka, likaja la pili. Mama alianza kulimwagilia kila jioni kwa maji aliyosuuzia vyombo. Jirani yetu, yule yule aliyetucheka kwa kumbikumbi, alisimama kwenye ua akalitazama jani lile kwa muda, kisha akaingia ndani, na baadaye akamtuma mtu atuletee ndoo ya samadi.

Tulijua kwamba haifai. Tulijua pia nini kilikuwa kikitokea moyoni mwa mama. Simu ilirudi kwenye meza ya jikoni. Akisonga ugali aliiambia sauti ile kwamba yuko macho.

Januari jua lilianza kazi yake. Maji ya bomba yakakatika, kama yanavyokatika kila mwaka, na tukawa tunanunua ya mkokoteni. Mama aliugawia mgomba kabla ya kujigawia yeye. Hata hivyo kingo za majani zikawa kahawia, kisha majani yakapasuka, kisha shina likaanza kuinama upande wa mkonge. Aliendelea kumwagilia. Februari nzima alimwagilia kitu ambacho hakikuwa na hata alama ya kijani, na baba alipotaka kusema neno nilimshika mkono.

Machi mbayuwayu hukusanyika tena, safari hii kwa kurudi kaskazini. Asubuhi moja nilikuwa uani nikiwatazama kwenye waya. Walikuwa weusi wote. Mama alitoka na ndoo yake, akatembea njia yake ya kila siku nyuma ya nyumba, akafika kwenye matawi ya miiba. Hakusimama. Alipita, akaendelea hadi kwenye kitalu chake cha mchicha kilichobaki, akainama.

“Wako wengi?” aliuliza bila kugeuka.

“Wachache. Wameanza kuondoka.”

“Waende salama,” mama alisema, akaumwagia mchicha maji yote.